Hesabu ya Fungu la Mchicha

Kwenye kaunta buku langu la bustani, ukurasa wa mwisho wa mwaka, nimeandika kwa wino mwekundu: hasara, shilingi 106,000. Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ya mchana ni kuwaambia watu wazima, kwa adabu, kwamba biashara waipendayo inawala. Kwa hiyo nilipoupiga ule mstari wa chini sikushangaa, niliona haya tu, kama daktari aliyekutwa akinunua hirizi.

Hesabu yenyewe haina maficho. Mbegu, 18,000. Samadi viroba kumi na viwili, 36,000. Udongo mweusi, kirikuu moja, 60,000. Mpira wa maji, 35,000. Kibarua wa kuchimba, 20,000. Maji, kwa makadirio ya huruma, 47,000. Jumla, 216,000. Upande wa mapato: mafungu 143 ya mchicha, matembele na chainizi, kwa bei ya gengeni ya shilingi mia tano, 71,500. Bamia, 14,000. Mapapai sita, ya mpapai uliojiotea kabla yangu, 12,000. Pilipili, 9,000. Nyanya kumi na saba, ambazo nimezipa thamani ya 3,500 ili zisione aibu.

Nilimpigia mama yangu simu Marangu nikamsomea. Alisikiliza mpaka kwenye maji, akanikatisha. "Unamwagilia mchicha kwa maji ya kununua?" Kisha akacheka mpaka akapaliwa, na kwa mbali nikamsikia mdogo wangu akiuliza kuna nini, naye akishindwa kumjibu.

Mama hajawahi kununua mboga maishani mwake, isipokuwa siku za misiba. Kihamba chetu, kama vihamba vyote vya mlimani Kilimanjaro, ni bustani iliyopangwa kama ghorofa: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na chini kabisa magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Ng'ombe wenyewe hawatoki zizini; wao huletewa majani, na samadi yao hurudi kwenye migomba. Maji yalikuja kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na watu ambao majina yao hakuna anayeyakumbuka, na yalikuja kwa zamu. Nikiwa mtoto niliijua zamu yetu kama ninavyoijua leo siku ya mshahara. Hakuna aliyeandika chochote.

Kihamba hicho sasa ni cha mdogo wangu wa mwisho. Ndiyo mila: kitinda mimba wa kiume hubaki nyumbani kwa wazazi, na mabinti huenda wanakoenda. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi na kuimiliki, nami nazijua vizuri, lakini sheria ni kitu kimoja na kumwomba mdogo wako akumegee migomba ni kitu kingine. Sikuomba. Niliondoka na kipande cha mmea wa isale ndani ya begi, nimekifunga kwenye gazeti lenye maji, nikashuka nacho mpaka Dar es Salaam. Niliponunua kiwanja Kinyerezi na kujenga, nilikichomeka nyuma ya nyumba pembeni ya mpaka. Kikaota. Nyuma ya nyumba ile ni hatua kumi na nne kwa sita. Nimezipima mara nyingi kuliko inavyohitajika.

*

Nilianza Januari, jua likiwa kali. Kibarua aliyekuja na sururu alichimba nusu saa, akasimama, akaniita. "Dada," akasema, "hapa panavunwa tofali." Kweli. Mafundi waliojenga nyumba walikuwa wamefukia nyuma kila walichokichoka: vipande vya tofali, misumari, chupa, mifuko ya saruji iliyogandia humohumo ikawa mawe yenye maandishi. Kwa siku mbili tulitoa kifusi, na nilipouona udongo wenyewe, mchanga mweupe unaopitisha maji kama chujio, nilielewa kwa nini kule nyumbani watu hugombana miaka ishirini kwa ajili ya hatua tatu.

Kosa la kwanza lilikuwa la pupa. Nilinunua samadi ya kuku, mbichi, inanuka mpaka barabarani, nikaimwaga kwenye tuta na kupanda chainizi siku hiyohiyo. Miche ilisimama siku nne. Ya tano ikawa na kingo za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Nilidhani ni kiu, nikazidisha maji.

Jirani yangu wa upande wa pili, ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi, alinitazama juu ya ukuta wetu mfupi. "Shikamoo Bibi." "Marahaba. Mwanangu, hiyo samadi umeiacha ikaiva?" Sikujua kwamba samadi huiva. Akanieleza kama anayemweleza mwali: ilundike, imwagie maji, ifunike, igeuze, isubiri wiki kadhaa mpaka harufu iondoke na moto wake uishe. "Mbichi inaunguza," akasema. "Kila kitu kibichi kinaunguza." Nikaenda kuandika kwenye kaunta buku: miche 60, hasara.

Kosa la pili halikuwa langu, au sina hakika. Mwezi Machi, samadi ikiwa imeiva, nilisia mchicha kwenye matuta mawili. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama chembe ya baruti, ukishika kiganjani unashika maelfu. Siku ya tatu ilichomoza, uwekundu kidogo tu juu ya udongo, na asubuhi ile nilichelewa kazini kwa sababu nilikuwa nimechutama. Usiku wake masika ikafunguka. Ilinyesha mpaka alfajiri, na kulipokucha matuta yangu yalikuwa yamelala chini na maji yamechora njia yake katikati, safi, kama mtu aliyepita na reki.

Niliandika hasara tena. Wiki mbili baadaye, kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo maji yalikuwa yamekwama na kutua tope lake, kukaota mchicha mnene kama zulia, mahali nisipopanda, kwenye udongo ambao sikuwa nao. Bibi alipouona alicheka. "Maji yamekupandia," akasema. Kwao ni Rufiji, na huko, akanieleza, mafuriko si habari mbaya tupu: mto hupanda, huleta udongo mpya, na ukishuka watu huwahi kupanda kwenye unyevu uliobaki. Wanakiita kilimo cha mlau. "Sisi tunaufuata mto ulikoacha. Wewe unataka mto ufuate matuta yako."

Kona ile ilinipa mafungu 31, mengi kuliko tuta lolote. Hapo kaunta buku likaanza kunisumbua. Mbegu ile nilikuwa nimeshaiandika kwenye hasara. Mhasibu hawezi kuvuna kitu alichokwisha kukifuta.

*

Kuna wadudu wanaokuja bustanini kwa bahati mbaya na kuna wanaokuja kwa miadi. Nyanya zangu, nilizozipanda mwezi Juni masika ilipokwisha, zilikutana na wa aina ya pili. Jani moja lilionyesha mistari myeupe iliyopindapinda, kama mtoto aliyejaribu kuandika. Nikalishika kuelekea juani, nikamwona mwandishi: kiwavi mwembamba, yumo ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula huku anasogea.

Wakulima wa nchi hii wamempa jina la kanitangaze, na sijui jina jingine la mdudu lenye kiburi namna hiyo. Akishakula shamba lako, wewe mwenyewe ndiye unayeenda kumtangaza. Ni nondo mdogo wa kijivu, urefu wake kama punje ya mchele. Jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya mia mbili, na kwa kuwa kiwavi anaishi ndani ya jani au ndani ya tunda, dawa unayonyunyizia inamwagika juu ya paa lake. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akavuka bahari kuingia Afrika ya Kaskazini, na mwaka 2014 akawa amefika Tanzania.

Lakini hata nyanya kwao ni Amerika ya Kusini. Tumeizoea mpaka tunaona mchuzi usio na nyanya ni mchuzi wa mgonjwa, ila yeye ni mgeni hapa, na matembele ninayochuma ni majani ya kiazi kitamu kilichotoka upande huohuo wa dunia. Mwarobaini ninaochemsha majani yake ili nipulizie wadudu ulitoka India. Nyanya aliishi kwetu miaka mingi bila adui yake wa nyumbani, kama mtu aliyehama na kuacha deni. Deni limepanda meli, limemfuata.

Nasi tumepeleka vyetu. Yule konokono mkubwa, mwenye nyumba ya kahawia yenye michirizi, anayetoka usiku wa masika na kuacha njia inayong'aa ukutani, ni mzaliwa wa Afrika Mashariki. Mimi namwokota kwa tochi na kumtia kwenye ndoo. Mwaka 1966 mtoto mmoja alitoka Hawaii, ambako konokono huyu alikwisha kufika, akaingia Miami na watatu mfukoni. Bibi yake akawaachia bustanini. Kabla ya miaka kumi walikuwa wameshakuwa maelfu, na jimbo la Florida lilitumia zaidi ya dola milioni moja kuwamaliza. Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia, Mungu anisamehe, fahari kidogo. Watatu tu. Ndani ya ndoo yangu usiku ule walikuwemo kumi na tisa.

Nyanya nilizoambulia ni zile kumi na saba. Niling'oa mashina yote, nikayafunga kwenye mfuko mweusi na kuyaacha juani mpaka yaive kwa joto, maana ukiyatupa tu shimoni nondo huruka na kurudi. Tangu siku hiyo nimekoma kuuliza gengeni kwa nini nyanya zimepanda bei.

*

Adui niliyemjua kwa jina alikuwa kuku wa Bibi. Jogoo mmoja, mitetea mitatu, na mwezi Agosti mtetea mmoja akatotoa vifaranga tisa. Mama kuku anapowafundisha wanawe kuparua, hatafuti mahali pagumu. Anatafuta mahali palipolainishwa, palipotiwa samadi na kumwagiliwa asubuhi. Nilirudi kazini jioni nikakuta tuta la chainizi, ambalo safari hii halikuungua wala kusombwa, limegeuzwa chini juu. Vifaranga walikuwa wanaoga vumbi ndani yake.

Nilivua kandambili nikarusha. Sikumpata yeyote. Kisha, Bibi akiwa amesimama ukutani, nilisema neno. Silirudii hapa. Lilihusu kuku, na malezi, na aliyewalea. Mtu mzima haambiwi neno lile, na aliyezaa watoto wa kunizidi umri haambiwi hata nusu yake. Hakunijibu. Akawaita kuku wake, akaingia ndani.

Kwa wiki tatu nilisema "Shikamoo" akaitika "Marahaba," maana hilo halikatazwi, lakini ilikuwa marahaba ya mlangoni, ile inayotoka huku kitasa kikifungwa. Nikazungushia matuta wavu. Kuku hawakurudi. Chainizi ikapona upande mmoja, ikakua vizuri tu, na kila nilipoichuma niliona kama ninachuma ya wizi.

Kwetu isale ni mpaka. Linapandwa pale shamba lako linapoishia na la mwenzako linapoanzia, na anayeling'oa amefanya jambo la kuitiwa wazee. Lakini jani la isale hilohilo, likifungwa fundo, ndilo la kuombea msamaha. Anayekosa hulileta, au humtuma mtu alilete, na aliyekosewa si rahisi kulikataa, hata awe na haki kiasi gani. Nilipokuwa mtoto sikuona ajabu kwamba mmea unaotenganisha ndio huohuo unaopatanisha. Sikuwa nimewahi kuwa na jirani.

Jumamosi moja nilikata jani, nikalifunga fundo, nikazunguka kwa mlango wa mbele. Bibi aliligeuzageuza mkononi. Akalinusa. "Hii inapikwa na nazi?"

Nilicheka kabla sijajizuia, naye akacheka, na ikabidi nimweleze. Alisikiliza yote, mpaka mambo ya wazee na mipaka. Kisha akanikalisha kwenye mkeka, akaniambia ya kwao. Kwamba alipokuwa msichana walihamia shambani mpunga ukikaribia kukomaa, wakilala dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, mchana wakifukuza ndege na usiku wakipiga madebe kufukuza nguruwe na viboko. "Kiboko akiingia usiku mmoja, umelima bure. Wewe unalilia kuku." Akanyamaza kidogo. "Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi."

Methali hiyo nimeisikia tangu shule ya msingi. Husemwa na aliyechoka: mimi nafanya kazi, ninyi mnakula. Bibi hakuisema hivyo. Aliisema kama mtu anayetaja vipimo vya shamba, kwamba ni ekari fulani, lina mto upande huu, na walaji wake ni hawa. Nguruwe yumo, ndege yumo, mjomba anayekuja siku ya kuvuna yumo. Anayepanda kwa hesabu ya kula peke yake amekosea kipimo kabla hajashika jembe.

Alinirudishia jani, akaniambia nimletee lenye shina. Siku hizi kuna isale pande zote mbili za ukuta. Kuku wanapita katikati.

*

Nimerudi kwenye kaunta buku kuona nilikokosea, maana hasara ya 106,000 kwenye eneo la hatua kumi na nne kwa sita ni kazi ya kipaji. Makosa yapo. Udongo na mpira wa maji si matumizi ya mwaka mmoja, vilipaswa kugawanywa kwa miaka kadhaa. Ningekuwa na mteja aliyeandika hesabu namna hii ningemrudishia vitabu vyake. Nikizigawa gharama hizo, hasara inapungua. Haiishi.

Kilichonishinda ni safu ya tatu, niliyoiita Mengineyo. Humo mna mafungu 38 niliyoyagawa: kwa Bibi, kwa mlinzi wa nyumba ya tatu, kwa mwenzangu wa ofisini aliyetoka kujifungua, kwa msiba wa nyuma ya msikiti. Nimeyahesabu kwenye mapato kwa bei ya gengeni, ilhali hakuna aliyenilipa. Humo zilipaswa kuwemo na bakuli za bamia, pilipili, na futari niliyoletewa mwezi wa Ramadhani, ambazo sikuziandika popote, kwa sababu nani anamuuliza mtu bei ya futari? Humo pia ilipaswa kuwemo ile kona ya ukuta. Nimejaribu kuipa safu hiyo jina la kitaalamu nikashindwa. Mama yangu angesema hiyo si safu ya tatu, hiyo ndiyo bustani, na hizo mbili nyingine ndizo mengineyo. Lakini mama hajawahi kulipa ankara ya maji.

Jambo moja naliweza kulipa thamani kamili. Fungu moja la mchicha ni shilingi mia tano. Kwa miaka kumi na tano niliijua bei hiyo bila kujua ni ya nini. Sasa najua. Ni wiki tatu hadi nne tangu kusia mpaka kung'oa. Ni kumwagilia asubuhi na jioni, kwa ndoo niliyoitoboa matundu kwa msumari siku ambazo mpira hautoi kitu. Ni samadi iliyosubiriwa. Ni tuta moja lililosombwa kwa kila mawili yaliyosimama. Na mimi nina mshahara. Mchicha wangu ukifa, nakula maharage, maisha yanaendelea.

Mama mboga wa gengeni kwetu hana hayo. Huamka saa kumi usiku, hushuka bondeni kwa wakulima wa kando ya mto, hununua kwa tuta zima kabla hakujapambazuka, hung'oa mwenyewe, huosha, hufunga mafungu, hupanda daladala na beseni lake. Kama mvua imepiga tuta alilolilipia, hiyo ni yake. Nimenunua kwake miaka yote, na miaka yote nimefanya alichofanya mama yangu sokoni na anachofanya kila mwanamke mwenye akili zake: mafungu matatu kwa elfu, na uniongezee.

Wiki hii matuta yangu yamekauka, Januari imerudi na jua lake. Jana jioni nilipita gengeni nikachagua mafungu matatu, nikampa elfu moja na mia tano, nikageuka. Akaniita. Alidhani nimesahau chenji, kisha akadhani nimekasirika. "Dada, leo huombi?"

Nikamwambia mchicha ni kazi. Akanitazama kama mtu anayesubiri sentensi ya pili. Ilipokuwa haiji, akachukua kiganja cha mchicha kutoka beseni la chini, akakitia kwenye mfuko wangu bila kuangalia, akaendelea na mteja mwingine.

Nimekihesabu nyumbani. Mashina kumi na moja. Kaunta buku liko wazi mezani, mwaka mpya, ukurasa wa kwanza, na sijaandika bado.